Mshono wa Uzi wa Buluu

Wameufungua tena ukumbi wa dansi wa Porth Helyg,
si kwa dansi. Kwa sanaa.
Tesni Parry, binti wa fundi bomba wa mtaa wa nyuma,
amesomea mbali, amerudi na nywele fupi
na kibali cha halmashauri chenye muhuri,
akaning'iniza darini viti mia tatu vya ufukweni,
turubai tupu bila miti yake,
milia ya kijani na nyeupe,
kama nguo zilizoanikwa na ukoo wa majitu.

Unapita chini yake ukiinamisha kichwa.
Kila turubai lina bonde katikati:
hapo walikaa wachimba makaa na wake zao,
wasokota pamba wa ng'ambo ya mpaka,
wiki moja kwa mwaka, viwanda vikizimwa,
mvua inyeshe isinyeshe,
kwani wiki ilikwisha kulipiwa.
Ukutani spika zinatoa kicheko,
kijiko kikigonga kikombe,
mtoto anayelilia kupanda punda.

Pazuri. Sikatai.
Mwanamke kando yangu anajifuta macho,
asema bibi yake alibusiwa hapa mwaka wa hamsini na tatu.

Mimi nakumbuka hesabu.
Peni nne kiti kwa asubuhi, sita kwa kutwa.
Baba na mfuko wa ngozi kiunoni,
akiwaambia "karibuni tena" watu asiowajua majina.
Saa kumi na moja alfajiri tunapanga safu,
tukivielekeza viti kwenye jua
ambalo halikuahidi kitu.
Julai yote, Agosti yote, tulilala jikoni,
watano godoro moja chini ya meza,
maana vyumba vyetu vilikuwa vya wageni
na kitandani kwangu alikoroma mtu wa Oldham.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
kwetu alikaa siku saba
na jembe tulilishika sisi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo, tulipona.
Viatu vya shule vilitoka Agosti.
Wao walipumzika; sisi ndio tuliokuwa mapumziko yao.

Safu ya tisa, karibu na jukwaa la bendi,
nikasimama.
212.
Rangi imechujuka, lakini mkia wa ile mbili ni wa baba,
aliukunja kama ndoano.
Na pembeni, mpasuko ulioshonwa kwa uzi wa buluu
juu ya mlia wa kijani,
kwa sababu uzi wa kijani uliisha Jumamosi
na treni ya saa nane ilikuwa inaingia.
Mama aliukata uzi kwa meno.
Akasema, nani ataona? Watalikalia.
Wakalikalia.

Kibandiko chini, herufi ndogo, safi:
Turubai, kutu, chumvi. Fundi hajulikani.

"Naweza kugusa?"
"Hairuhusiwi, bibi," akasema kijana wa zamu,
Gethin, mjukuu wa mwenye punda,
kisha akageuka kutazama dirisha
kwa muda mrefu kuliko dirisha lilivyostahili.
Nikahesabu kwa kidole. Mishono kumi na minne.
Hakuna uliolegea.

Nikamtajia jina, herufi kwa herufi: Ceinwen.
Hakuwa na karatasi.
Akaliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino,
akakikunja, kama aliyepewa chenji.

Nje, viti vipya vya plastiki vimefungwa mnyororo
hadi msimu uanze.
Nikakaa kwenye ngazi, uso kwa bahari.
Miaka yote ile niliipa mgongo, nikihesabu vichwa.
Sikujua kwamba ina kelele kiasi hiki.
Nikakaa kutwa nzima,
thamani ya peni sita,
na hakuna aliyekuja kunitoza.